Hijabu: Nani Kamuuliza Mwenyewe?

Mwanamke wa Tehran aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikutana na polisi wa mavazi mara mbili katika umri wake. Mara ya kwanza ilikuwa 1936, Reza Shah, mfalme wa Iran, alipopiga marufuku hijabu hadharani na askari wakawa wanawavua wanawake ushungi barabarani. Wapo waliojifungia majumbani mpaka mtawala huyo alipoondoka madarakani 1941. Mara ya pili ilikuja na mapinduzi ya 1979. Mwezi Machi mwaka huo maelfu ya wanawake waliandamana jijini humo kupinga hijabu ya lazima. Hawakusikilizwa, na 1983 sheria ikaweka adhabu ya hadi viboko 74 kwa atakayeonekana bila ya hijabu. Ni tawala mbili zilizochukiana kama paka na panya, na zote mbili ziliona kichwa cha mwanamke ni mali ya serikali.

Mjadala wa hijabu unapozuka, watu hugawanyika haraka. Huku wanasimama wanaosema ni alama ya kukandamizwa, kule wanaosema ni amri ya Mungu na mazungumzo yameisha. Anayesahaulika ni yule aliyeamka asubuhi, akafunga ushungi wake, akatoka kwenda kazini bila ya mtu kumshika mkono wala kumshikia kiboko. Wa kwanza wanamwonea huruma asiyoiomba. Wa pili wanamtumia kama ushahidi. Yeye ana mambo yake.

Aya zenyewe wengi wanazijua, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Sura ya An-Nur, kabla ya kuwaamrisha wanawake washushe shungi zao juu ya vifua vyao katika aya ya 31, inawaambia wanaume kwanza, katika aya ya 30, wainamishe macho yao na walinde tupu zao. Mpangilio huo husahaulika upesi ajabu wanaume wanapoanza kuhutubia juu ya stara. Wanazuoni wa madhehebu makubwa wanakubaliana kwamba mwanamke aliyebaleghe anapaswa kufunika nywele. Wanachotofautiana ni uso. Wapo pia wasomi wa zama hizi wanaosema kilichoamrishwa ni heshima ya mavazi kwa jumla, na kwamba nywele hazikutajwa. Ni wachache, lakini wapo, na miongoni mwao ni wanawake wanaoswali na kufunga kama wenzao.

Jambo ambalo wakosoaji wengi hawalioni ni hili. Hoja yao kubwa ni kwamba hijabu ipo kwa ajili ya macho ya wanaume: mwanamke anafunikwa ili mwanamume asishawishike, na hivyo anabebeshwa mzigo wa udhaifu wa mwenzake. Sasa mtazame mwanamke huyo huyo nyumbani. Mbele ya baba yake, kaka zake na wanawe yuko kichwa wazi. Lakini ukiingia wakati wa swala, hata akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa na hakuna mwanamume hata wa dawa, anajifunika ndipo anasema Allahu Akbar. Anajifunika kwa ajili ya nani hapo? Kwake yeye hiyo ni ibada kabla haijawa kitu kingine chochote. Unaweza usiiamini ibada yenyewe, ila huwezi kumwelewa anayeitekeleza kwa kuanza na macho ya watu wengine.

Wataniambia hiari hiyo si hiari, kwa sababu amelelewa nayo tangu utotoni. Ni kweli amelelewa nayo. Na aliyelelewa kunyoa ndevu kila asubuhi na kufunga tai shingoni, naye je? Hakuna anayemsimamisha mlangoni athibitishe kwamba nia yake haikuchafuliwa na mama yake. Kipimo ninachokiona cha haki ni chepesi zaidi: siku akiivua, nini kitampata? Na siku akiivaa, nini kitampata? Panapokuwa na kipigo, kufukuzwa nyumbani, kunyimwa shule au kunyimwa kazi, hapo hiari imeguswa, hata mguso utoke upande gani.

Kwa kipimo hicho hicho, wanaopinga hijabu wana hoja nzito, na haitoshi kuijibu kwa kusema Uislamu hauna kulazimishana. Mahsa Amini alikuwa na umri wa miaka 22 alipofariki Septemba 2022, siku chache baada ya kukamatwa na polisi wa maadili jijini Tehran kwa madai kwamba hijabu yake haikukaa sawasawa. Wanawake waliozichoma shungi zao barabarani baada ya hapo hawakuwa wanaichoma dini. Walichokichoma ni sare ya serikali. Nchini Afghanistan, amri ya Taliban ya Mei 2022 iliyowataka wanawake wafunike uso iliweka adhabu kwa mwanamume wa familia iwapo mwanamke hakutii. Maana yake kila kaka na kila mume amefanywa askari, apende asipende. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na stara inayolindwa kwa bunduki ni ya kuazima.

Kuna pia shinikizo lisilo na bunduki. Tume iliyoongozwa na Bernard Stasi nchini Ufaransa mwaka 2003 ilisikiliza ushahidi kuhusu wasichana waliosumbuliwa na kaka zao au wavulana wa mtaani kwa kutovaa hijabu. Kwa msichana wa aina hiyo marufuku ya shuleni ni kinga: anaweza kusema, si mimi, ni sheria. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo iliyozaa sheria ya Machi 2004 iliyokataza alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za umma.

Lakini twende na hesabu yake mpaka mwisho. Watafiti Aala Abdelgadir na Vasiliki Fouka walichapisha mwaka 2020 utafiti kuhusu sheria hiyo, na wakaona kwamba wasichana wa Kiislamu walioguswa nayo walipungukiwa katika kumaliza elimu ya sekondari, na athari ikawafuata mpaka kwenye soko la ajira. Éric Maurin na Nicolás Navarrete nao walitazama waraka wa wizara wa mwaka 1994, uliozitaka shule zizuie alama hizo, na wakaona kinyume chake: elimu ya wasichana hao ilipanda. Kila upande una utafiti wake wa kupenda, na kila upande huutaja ule mmoja tu.

Mimi tafiti zote mbili naziona zinaniambia jambo moja, kwa sababu wastani huwaweka wasichana tofauti kabisa kwenye mizani moja. Tuwatenganishe. Wa kwanza anashinikizwa kidogo na hataki kuvaa. Huyu sheria imemsaidia kweli. Wa pili ana baba mkali wa kweli. Akikatazwa hijabu shuleni, baba anamtoa shule, na sheria iliyokuja kumkomboa imemrudisha mikononi mwa yule yule aliyekuwa akimlazimisha, safari hii bila walimu wala marafiki. Wa tatu amechagua mwenyewe. Kwake mlazimishaji wa kwanza kukutana naye maishani ni mkuu wa shule. Kwa hiyo faida ni ya mmoja kati ya watatu, naye ndiye aliyekuwa na tatizo dogo kuliko la wa pili. Kama wa kwanza ni wengi, wastani utapanda. Kama ni wachache, utashuka. Vyovyote iwavyo, wa tatu amelipa deni asilolikopa, na hakuna utafiti uliomuuliza kama anakubali kulipa.

Ukombozi wa namna hii una historia inayonifanya niwe mgumu kuusadiki. Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Uingereza mpaka 1907, alilaumu sana jinsi wanawake wa huko walivyofunikwa. Aliporudi kwao akaongoza chama cha kupinga wanawake wa Uingereza kupewa haki ya kupiga kura.

Kiwanjani mambo yalionekana waziwazi zaidi. Juni 2011 timu ya soka ya wanawake ya Iran ilifika Amman kucheza na Jordan kuwania nafasi ya Olimpiki, ikapoteza mchezo bila kuucheza. FIFA iliwakatalia kufunika kichwa na shingo, ikataja usalama. Serikali yao iliwakatalia kutofunika. Wachezaji wamesimama katikati, viatu miguuni. Mwaka 2014 marufuku ikaondolewa, na Julai 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia akiwa na hijabu. Ile hatari iliyokuwa ikiogopwa shingoni haijasikika tena.

Nafasi moja nawaachia wapinzani wa hijabu bila ubishi mwingi, nayo ni watoto wadogo. Kwa mafundisho ya wanazuoni wenyewe, msichana hawajibiki nayo kabla ya kubaleghe, na anayemvalisha wa miaka 7 kila siku kama jambo la lazima anamtaka kitu ambacho dini haijamtaka. Sheria ingejadili hilo peke yake, ningesikiliza kwa makini. Ila ile ya 2004 ya Ufaransa inamhesabu mtoto wa shule ya msingi sawa na msichana wa miaka 17 anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho. Huyu wa pili akifaulu na kuingia chuo kikuu cha umma mwaka unaofuata, anaruhusiwa kuivaa, kwa kuwa sheria hiyo haivigusi vyuo vikuu.