Majina 31 kwenye listi, watu 9 kwenye kikao

Semista niliyoingia frati, huku Marekani nilikokuja kusoma, listi ilikuwa na majina 31 na kikao cha Jumapili usiku kilikuwa na watu 9, na kati ya hao 9 wanne ni viongozi, yaani hawana pa kukwepea. Kwa ambao hamjui, frati ni vile vyama vya wanafunzi wa kiume vyuoni vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, mnaitana mabraza, mnalipa ada, mna siri zenu ndogondogo, na nyumbani nikiwaelezea watu wanadhani nimeingia freemason. Wala. Ukitaka kuelewa haraka fikiria kikoba kilichochanganyika na jando, ila hiyo sehemu ya kikoba ndo watu wanaisahau.

Sasa dawa ya viongozi wetu kila mwaka ilikuwa ileile, tuongeze watu. Basi pizza, fulana, bango kubwa, wanaingia vijana kumi, ukifika mwezi wa tatu wanane huwaoni tena. Kuteka maji kwa pakacha huko.

Mi mwenyewe nilibaki kidogo nipotee. Hakuna aliyenikosea, ila miezi miwili mizima kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha nyuma nasikiliza ripoti ya mweka hazina, na mtu akinyoosha mkono na wazo lake anaambiwa "tutaliangalia". Ada nalipa, halafu hata nisipotokea hakuna kinachoharibika. Mtu akishagundua hilo ameshaondoka huyo, hata kama jina lake bado lipo.

Prezidaa aliyefuata alikuwa kijana mpole hivi, hata hotuba hajui kutoa. Akaja na karatasi kubwa akaibandika ukutani, majina yote, mbele ya kila jina nafasi wazi, akasema hatutoki humu mpaka kila mtu aseme atafanya nini na lini, na ambao hawajaja tunawapigia simu sasa hivi spika ikiwa wazi! Wawili walikata simu. Mmoja tulimwamsha. Zamu yangu ilipofika nikasema, kwa aibu tu, kwamba nina gari, bovu lakini linatembea, nitakuwa nawapeleka wanafunzi wageni dukani Jumamosi, maana nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza nimekumbatia mfuko wa mchele kituoni, baridi inakata masikio, na basi haliji. Braza mwingine wa uinjinia, ambaye sauti yake sikuwahi kuisikia, akachukua Jumanne usiku kufundisha hesabu. Akaomba dola 40 za kalamu na ubao, mweka hazina akampa palepale bila kikao wala kamati, na mi naona hapo ndo mambo yalipogeuka, kwa sababu kumpa mtu kazi bila kumpa hela na uamuzi ni kumtuma tu. Ilipokaribia mitihani chumba cha laibrari kilikuwa hakitoshi.

Na sio jambo jipya hili. Alpha Phi Alpha, frati kongwe ya wanafunzi Weusi, ilianza chuo cha Cornell 1906 na watu 7. Wanafunzi Weusi pale walikuwa wachache na wametengwa, sita walikuwa wameshindwa kurudi masomoni, wenzao wakaanza kukutana kusoma na kushikana mkono. Saba! Mkiwa saba hakuna kiti cha nyuma. Halafu 1984 baadhi ya wanachama wakaleta wazo kwamba Martin Luther King, braza wao toka 1952, ajengewe ukumbusho Washington. Kongresi ikakubali 1996, ukazinduliwa 2011. Hebu fikiria hao nao wangeambiwa tutaliangalia.

Kuna mabraza wanaamini faini ndo zinaleta watu. Tulijaribu, watu wakalipa faini na wakaendelea kutokuja, tena kwa amani zaidi maana wameshalipa. Wengine wanasema undugu unakuja kwa kumtesa mtu wakati anaingia, huo ni ujinga na watu wamekufa kwa ajili yake, siupotezei muda.

Sio kwamba sasa tuko peponi. Listi yenyewe imepungua, mwaka huu tuko 26, ila kikao cha Jumapili tunakaa ishirini na ushee na viti tunaazima chumba cha jirani, na makao makuu wakituuliza mbona mmepungua sijui hata niwajibu nini. Gari langu lilikufa giaboksi mwezi wa kumi, kazi ya Jumamosi kaichukua dogo wa mwaka wa pili mwenye kigari cha mama yake. Juzi wamerudi na mihogo, sijui waliitoa wapi mji huu, na hawakuniachia hata kipande.