Shemeji, Acha Nitazame Mwenyewe

Picha haijaanza vizuri, majina ya waigizaji bado yanapita, shemeji ananigusa bega: "Huyo mwenye koti jeusi ndiye muuaji. Lakini we tazama tu, ni nzuri." Nitazame nini sasa? Koti? Muda wote namwona mtu anamfariji mjane, anatoa leso, anasaidia kubeba jeneza, nami najua. Na kwa kuwa ni kaka wa mke wangu, nikajibu kama mtu aliyelelewa: "Ahsante, shemeji." Angekuwa mdogo wangu ingekuwa habari nyingine.

Muongozaji Alfred Hitchcock alipotoa picha yake ya kutisha, Psycho, mwaka 1960 alitaka kumbi zisimruhusu mtu kuingia picha ikishaanza, na akawasihi watazamaji wasiwasimulie wenzao mwisho wake. Watu wanasema ilikuwa mbinu ya kibiashara. Mimi nasema yule mzee alikuwa na shemeji.

Basi picha ikaisha, mwenye koti akatiwa pingu, msishangae. Shemeji akanigeukia: "Kwani wewe, shemeji, sinema yako namba moja ni ipi?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima usiku? Nikajibu bila hofu: "Titanic."

Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, kioo kimoja, halafu cha pili, akaivaa tena, akaniangalia upya.

"Ile ya meli?"

"Ile ya meli."

"Na uliona nini humo?"

"Niliona meli inazama, shemeji."

Akatikisa kichwa. Nikamkumbusha kwamba ilitoka 1997 na ikabeba tuzo 11 za Oscar. "Tuzo ni siasa," akasema. Halafu akaanza habari za ule ubao aliojiokoa nao Rose meli ilipozama, mpenzi wake Jack akabaki majini: kwamba wawili wangeenea, Jack alikufa bure. Mimi nimekulia kwenye picha ambazo steringi hafi, kwa hiyo kifo cha Jack nilikibeba kwa uchungu, na nilishakizoea. Kumbe hata James Cameron mwenyewe, aliyeiongoza picha hiyo, walimwandama mpaka mwaka 2023 akaonyesha kwenye televisheni majaribio ya watu wazima kwenye maji ya baridi, akakiri kwamba kwa namna fulani huenda Jack angepona. Robo karne baada ya mazishi! Marehemu wa watu hapumziki.

Shemeji akaona elimu yangu ina pengo. Akaniwekea Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, ambayo jina lake kamili lina mpaka namba ya nyumba na jiji. Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza liliwauliza wajuzi wa sinema, nao wakaitaja kuwa bora kuliko zote duniani. Dakika 201. Nikakaa mkao wa kupokea utukufu.

Mama anamenya viazi.

Sisemi anamenya halafu picha inahamia kwingine. Anamenya, kamera imetulia tuli, na wewe umetulia. Nikangoja mtu abishe hodi na bastola. Hakuna. Shemeji hata hatazami kioo, ananitazama mimi usoni kuona kama naelimika. Mara akaruka kitini kama mtu aliyefungiwa goli: "Umeona? Umeona?"

"Nimeona nini, shemeji?"

"Viazi! Leo vimeiva kupita kiasi! Maisha yake yanaanza kufumuka!"

Jamani. Kwangu viazi vikiiva kupita kiasi hakuna anayeita wajuzi. Nikatamani kulala, nikakumbuka ni shemeji, nikafumbua macho. Mwishoni kuna jambo linatokea, na silisemi, mimi simwagi mtama. Ila nilishtuka kweli, moyo ukadunda, na nikajikaza uso wote asijue. Tangu hapo nimekuwa nikimtazama mke wangu akimenya viazi kwa wasiwasi ambao sijawahi kuwa nao.

Na si shemeji peke yake. Yupo anayesema kitabu kilikuwa kizuri zaidi, na kitabu chenyewe aliona jalada. Yupo anayekuuliza ulitazama Blade Runner toleo gani, la 1982, la 1992 au la 2007, unajibu la Jumapili. Yupo aliyelala tangu dakika ya kumi, anaamka karibu na mwisho, na ndiye anayetoa maksi.

Wenzetu wa Paris mwaka 1895 walifaidi. Ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, waliwaonyesha filamu kumi, kila moja haifiki hata dakika moja, ya kwanza wafanyakazi wanatoka kiwandani. Wakishatoka, imekwisha. Hapo shemeji angetoboa nini?

Sasa hivi kila muongozaji ana saa tatu za kusema. Gone with the Wind ya 1939 inakaribia saa nne, lakini wenyewe walikuwa waungwana, waliweka mapumziko katikati. Oppenheimer ya 2023, saa tatu, mapumziko hakuna, kibofu kitajua chenyewe. Unatoka mara moja tu, unapita magotini mwa watu ukiomba radhi, unarudi unakuta marafiki wamekuwa maadui na aliyekuwa analia sasa ni mkubwa wa wote. Unamuuliza jirani kwa adabu, "Samahani ndugu, imekuwaje?" Anakutolea jicho: "Shh!" Huyo huyo aliyekuwa na simu sikioni tangu mwanzo, anamwelekeza mtu kwake: kata kushoto, kata tena kushoto, ukiona geti la bluu usiingie, ni la jirani, piga honi. Hadithi imenipita, lakini nyumbani kwa yule bwana naweza kufika hata usiku.