Mvuvi Huitwa Wakati wa Mbalamwezi

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano wa "kupokea maoni" kuhusu mpango wa utalii wa fukwe huku kwetu, pembezoni mwa jiji la Mwanza. Jumanne, saa nne asubuhi, katikati ya siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi. Aliyekulia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ameshacheka hapo. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mitumbwi hurudi alfajiri, na ikifika saa nne akina mama wameinama mchangani wanaanika huku wakiombea jua, vijana wamelala fofofo. Tuliofika tulikuwa wastaafu, wenye maduka na mimi.

Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa maji ya chupa, ramani ikatandazwa. Pale panapoanikwa dagaa paliandikwa "eneo la mapumziko". Mzee mmoja akauliza: sasa dagaa tutaanika wapi? Akajibiwa kwamba swali lake limepokelewa. Limepokelewa! Kisha tukakumbushwa Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sawa, sheria ni sheria. Ila nilipima kwa vidole kwenye ile ramani, na mgahawa wa wageni nao ulikuwa ndani ya mita hizohizo.

Sipingi utalii. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya kwenda Geita haisubiri tena kivuko, na mgeni anayetaka kufika hifadhi ya kisiwa cha Rubondo ana sababu ya kulala Mwanza. Hizo fedha nazitaka zilale kwetu.

Lakini mtazameni Saanane. Wageni wengi hudhani ni jina la kisiwa tu. Alikuwa mtu, mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, kabla serikali haijakichukua kisiwa na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Kila nikipita pale kwa boti nawaza hivyo: jina lake lipo kwenye kibao, ukoo wake haupo kisiwani.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi mkutano nao upelekwe waliko. Uwe mwaloni, si ukumbini. Uwe jioni, dagaa wakishazolewa, na uwe wakati wa mbalamwezi, maana siku hizo mitumbwi imepaki na watu wanashona nyavu wakipiga soga. Na ramani waje nayo ikiwa bado ina nafasi ya kufutwa.

Nilimwambia hayo ofisa mmoja tulipokuwa tunatoka. Hakukasirika, akatoa simu yake kutafuta tarehe ya mwezi mpevu. Nikamwambia ashuke pale chini amuulize mama yeyote anayeanika. Alitazama viatu vyake, akatazama mchanga, akapanda gari.