Baraza zibaki za kukaa watu

Mahali ninapokunywa kahawa hapana kibao wala jina. Ni kichochoro cha ndani kwa ndani huko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, chembamba hata ikipita vespa wote waliosimama hujibana ukutani. Baada ya sala ya alasiri muuza kahawa huteleka dele lake juu ya mkaa, na baraza mbili, yale makalio ya mawe nje ya milango, zinazotazamana hujaa watu.

Kahawa yenyewe chungu, haitiwi sukari. Anayetaka utamu hutafuna kashata. Unamiminiwa kidogo kwenye kikombe kisichokuwa na mkono, unakunywa ingali inaunguza, kikombe kinasuzwa, anapewa mwengine. Hapo ndipo utakapojua nani kafiwa na maziko saa ngapi, nani anatafuta fundi, na karafuu za Pemba zinaendaje msimu huu. Ukifika, salamu kwanza. "Karibu kitako, shekhe," utaambiwa, na watu watasogea hata kama nafasi hakuna.

Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Sokomuhogo, kinajulikana na kila mtembeza watalii, na sifa zake ni za haki. Lakini uhai wa mji huu uko pia kwenye vijiwe vidogo visivyojulikana na mtu wa mbali, na hivyo vidogo ndivyo ninavyohofia vitapotea. Baraza nyingi sasa zimegeuzwa meza za biashara: kutwa zimetandikwa vinyago, kanga, pakiti za viungo na picha za tingatinga. Mwenye duka anatafuta riziki yake, simlaumu kwa hilo. Ila baraza haikujengwa nje ya mlango bure. Hapo mwenye nyumba alizungumza na mgeni wake bila ya kumwingiza ndani kwa watu wake, na masika maji yakijaa kichochoroni, wapita njia walipita juu yake. Ilikuwa ya nyumba na ya mtaa kwa pamoja.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Tukizungumza hifadhi tunataja milango ya nakshi, tunataja Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, lililoporomoka sehemu yake Disemba 2020, na jumba lile linastahiki majonzi yetu. Baraza iliyozibwa haiangukii mtu, kwa hiyo hakuna anayeihesabu kuwa imepotea. Mimi naihesabu. Wazee waliokuwa wakikaa hapo hawana pa kuhamia. Wanabaki ndani, na kijana wa mtaa hana tena pa kuwakuta.

Ningependa masharti ya biashara ndani ya Mji Mkongwe yaseme wazi: bidhaa dukani, baraza iachwe, angalau kuanzia alasiri. Na mgeni akipotea akatokea kwetu, akae. Atoe salamu, simu aitie mfukoni mpaka aombe ruhusa ya kupiga picha, anywe kahawa yake na alipe kama wanavyolipa wenzake. Hakuna atakayemuuliza anaondoka saa ngapi.