Waliniambia Ni Bahari

Mimi ukiniambia "twende baharini," akili yangu inashuka Mombasa kabla hujafunga mdomo. Madafu, viazi karai, jua la kukausha suruali kwa dakika kumi. Kwa hivyo wazee wa chama chetu walipoamua kwamba akiba ya mwaka huu tusinunue ploti, twende Uskoti kucheza gofu kando ya bahari, nilipakia kaptula nne, malapa na kofia ya makuti. Mama Kevo akaniongezea mafuta ya kujikinga na jua. Ile chupa imerudi haijafunguliwa.

Na mimi si mtu wa gofu. Nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Gofu niliingia kwa sababu mteja mmoja mwenye malori alisema mambo ya biashara anayazungumzia uwanjani, si dukani. Nikanunua fimbo za mtumba, nikajifunza. Siku hizi ananunua kwa mtu mwingine. Fimbo ninazo.

Tulifika St Andrews Jumapili. Pale ndipo penye Old Course, uwanja mama, gofu imechezwa pale tangu karne ya 15. Tukakuta umefungwa! Jumapili uwanja unapumzishwa, na wenyeji wanatembeza mbwa juu yake. Mimi hapa Nairobi nikisogelea tu ua wa klabu, askari ananiuliza nimekuja kumwona nani. Huko mbwa anainua mguu penye nyasi ambazo watu wanalipia zaidi ya pauni 300 kwa raundi moja. Hiyo ni karo ya Kevo ya mihula miwili. Na hata ukiwa nazo, jina lako linaingia kwenye bahati nasibu inayochezeshwa siku mbili kabla. Tulikosa mara mbili. Mweka hazina wetu, ambaye mechi za kubashiri zimemfundisha mengi, alisema hajawahi kuona kamari ambayo ukishinda ndipo unalipa.

Mara ya tatu tukaitwa. Heri wangetusahau.

Kwanza, hakuna mti. Nairobi mpira wangu hupotelea mitini, angalau nina wa kulaumu. Viwanja hivyo, wanavyoviita links, vimekaa kwenye ardhi ya mchanga iliyobaki kati ya bahari na mashamba, ardhi isiyofaa kulimwa. Kwetu ungekuta imeshakatwa 50 kwa 100, ina vigingi, na imeuzwa kwa watu watatu tofauti. Wao wakaichezea. Halafu upepo. Ule upepo una akili. Unakuacha ujipange, uvute pumzi, uinue fimbo, ndipo unakuja. Mpira wangu mmoja niliupiga kwenda mbele nikaupata kwa jirani yangu wa kushoto.

Mashimo ya mchanga yako zaidi ya mia moja. Wanasema mengine yalianza kwa kondoo kujichimbia wakijikinga na baridi, na mimi nawaelewa kabisa wale kondoo. Lile la njia ya 14, kati ya njia 18 za uwanja, linaitwa Hell, yaani Jehanamu. Nilipiga mara tano ndani yake, nikatokea nyuma, nilikoingilia.

Furaha yangu ilikuwa moja tu. Njia ya pili, mpira ukaenda, ukaenda, ukalala karibu na bendera. Nikainua mikono kama niliyefunga bao Kasarani. Kumbe grini nyingi za pale, yaani zile nyasi fupi zenye kishimo na bendera, zinachangiwa na njia mbili, ukijumlisha namba unapata 18, na ile bendera yangu ilikuwa ya njia ya 16, ya watu wanaorudi nyumbani. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, mzee wa huko, alinitazama vile fundi anavyotazama injini iliyotiwa maji badala ya oili.

Carnoustie, uwanja mwingine wa huko, sitaisimulia sana. Kuna kijito kinaitwa Barry Burn, ambamo Mfaransa Jean Van de Velde mwaka 1999 alivua viatu akaingia. Alihitaji mapigo sita njia ya mwisho abebe kombe la Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, akapiga saba, kisha akashindwa kwenye mchujo. Mimi kombe sikuwa na habari nalo, lakini miguu niliilowesha vilevile.

Mwaka 1457 bunge la huko liliwahi kupiga gofu marufuku kwa sababu wanaume waliacha mazoezi ya mishale. Sijui nani aliwashauri walegeze.

Baridi iliponishinda, nilinunua sweta. Pauni 65. Nilipolivaa nikalitambua: ni ndugu wa yale ya mitumba ya soko la Gikomba, tofauti ni kwamba hili lilikuwa bado halijafika umri wa kusafiri.

Nimerudi juzi. Mama Kevo akalitoa kwenye begi, akalinyoosha mbele ya taa, akaliangalia mshono.

"Baba Kevo, hili si la Gikomba?"

Nikasema ndilo.

"Ulichukua ngapi?"

"Mia mbili."

"Wamekuibia."