Cream jukwaani: anzia Winterland, lakini usiidharau ya 2005

Albamu ambayo bendi ya roki ya Cream walirekodi ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mwaka 2005 inaonewa. Kila ikitajwa, wapenzi wa roki ya zamani hurudia maneno yale yale: wazee walishachoka, gitaa halina makali, nyimbo zimekatwa. Yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini hukumu inayotolewa si ya haki, kwa sababu wengi wanailinganisha na sifa walizozisikia kuhusu 1968. Rekodi zenyewe za 1968 hawazirudii. Ukizisikiliza kwa zamu, wimbo mmoja mmoja, utaona kila mwaka una kitu ambacho mwingine hauna.

Kwa asiyewajua: Eric Clapton alipiga gitaa, Jack Bruce besi na ndiye aliyeimba zaidi, Ginger Baker dramu. Bendi ilianza London mwaka 1966 na ikavunjika Novemba 1968. Studioni nyimbo zao zilikuwa fupi, na rangi zote za roki ya saikedeliki zilikuwemo. Jukwaani, wimbo ulikuwa mlango tu. Msikilizaji wa muziki wa dansi atalielewa jambo hili haraka, maana anajua kinachotokea waimbaji wakinyamaza na chemko kuingia. Tofauti ni kwamba kwenye chemko magitaa hushikana na kurudia, kila moja likijua nafasi yake. Kwa Cream hakuna aliyekubali kubaki nyuma ya mwenzake. Wote watatu wanapiga solo kwa wakati mmoja.

Anza na sahani ya pili ya albamu yao Wheels of Fire, ya 1968. Imeandikwa Live at the Fillmore, na hapo wengi hupotea: kati ya nyimbo zake nne, ni "Toad" peke yake iliyorekodiwa ukumbi wa Fillmore, tarehe 7 Machi 1968. "Crossroads", "Spoonful" na "Traintime" ni za Winterland, ukumbi mwingine wa San Francisco, siku chache baadaye. Uingereza sahani hii iliuzwa pia peke yake, kwa hiyo anayewinda santuri za mitumba anaweza kuipata bila kulipia sahani ya kwanza, ya studio.

"Crossroads" ina dakika 4 na sekunde chache. Ni bluzi ya baa 12, yaani mzunguko wa vipimo 12 vya mapigo, katika ufunguo wa A, iliyotokana na wimbo ambao Robert Johnson alirekodi mwaka 1936. Mara ya kwanza fuata gitaa, huwezi kujizuia. Mara ya pili liweke gitaa pembeni na umfuate Bruce tangu solo ya pili inapoanza. Hakai kwenye noti za msingi kama mpiga besi wa bluzi anavyotarajiwa. Anapanda, anamkatiza Clapton, anamsukuma aende mbele, halafu anashuka ghafla pale ambapo gitaa linavuta pumzi. Mara ya tatu sikiliza dramu tupu. Clapton amewahi kusema kwamba rekodi hii haimridhishi, kwamba mle ndani walipishana juu ya mdundo wa kwanza wa baa. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Msuguano huo ndio unaoifanya solo ya pili isikike kama kitu kinachokaribia kuanguka na hakianguki.

"Spoonful" ni safari ya zaidi ya dakika 16, na ndiyo inayowashinda wageni. Usiisikilize ukisubiri kiitikio kirudi. Mwimbaji akinyamaza, shika kitu kimoja tu: nani anaongoza sasa? Uongozi unahama kila baada ya muda mfupi, na mara nyingi anayeongoza ni besi.

Hapa kifaa kina neno lake. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, unatoa sauti ya takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo, kwa hiyo unayesikiliza kwa simu mkononi unasikia nusu ya bendi na kudhani Clapton anapiga peke yake. Tumia hedifoni zinazofunika sikio au spika zenye ukubwa wa kutosha. Na zima kile kitufe cha kuongeza besi. Kinanyanyua masafa ya chini yote kwa pamoja, kisha besi ya Bruce na dramu mbili za miguu za Baker zinavurugika kuwa mngurumo mmoja. Ukitaka kumsikia Bruce vizuri, punguza kidogo masafa ya chini kabisa.

Kuhusu "Toad", solo ndefu ya dramu, wengi huiruka. Nawasihi wasiiruke. Baker alifundwa na mpiga dramu Phil Seamen, aliyemsikilizisha rekodi za ngoma za Afrika, na miaka ya 1970 akaenda kuishi Lagos na kurekodi na mwanamuziki wa Nigeria, Fela Kuti. Mtu aliyekulia karibu na ngoma za Pwani ana masikio tayari kwa kazi hii: miguu inashika zamu ya vumi, ngoma kubwa ya sauti nzito, mikono inachapa juu yake kama chapuo, ngoma ndogo, na mzunguko wa chini hauvunjiki hata mikono inapohama kabisa. Hesabu miguu, mikono itajieleza yenyewe.

Live Cream, iliyotoka 1970, inachota kwenye maonyesho yale yale ya Machi 1968, na kwa maoni yangu ndiyo albamu yao ya jukwaani iliyokamilika kuliko zote. "N.S.U." inafika kama dakika 10 na "Sweet Wine" kama 15, na katika zote mbili watatu hawa wanasikilizana kuliko popote pengine. Usishangae kwamba "Lawdy Mama" haina makofi ya watu. Ni rekodi ya studio ya 1967 iliyochomekwa humo. Live Cream Volume II ya 1972 imechanganya maonyesho ya Machi na ya Oktoba 1968. Za Oktoba ni za Oakland na zinasikika nzito na zenye haraka. Lulu yake ni "Steppin' Out" ya Winterland, zaidi ya dakika 13, ambayo baadhi ya matoleo ya santuri yaliiandika kimakosa "Hideaway". Bruce anajitoa katikati, na kwa dakika kadhaa wanabaki gitaa na dramu peke yao.

Kwa nini Oktoba ni tofauti na Machi? Sababu kubwa ni ukubwa wa sauti. Clapton na Bruce walikuwa na amplifaya za Marshall za wati 100, makabati ya spika yamepangwa moja juu ya jingine, na mitambo ya kumbi za wakati ule haikuwa na spika za kumrudishia mwanamuziki sauti yake jukwaani. Kila mmoja aliongeza ili ajisikie, mwenzake naye akaongeza, na Baker katikati akapiga kwa nguvu zote. Clapton amesimulia kwamba aliwahi kuacha kupiga na wenzake hawakugundua. Ukilijua hilo, nyimbo tatu za jukwaani kwenye albamu Goodbye ya 1969, zilizorekodiwa The Forum karibu na Los Angeles tarehe 19 Oktoba 1968, zinaeleweka vizuri zaidi. Ustadi upo, mazungumzo yamepungua. Mwenye kutaka ziara ile ya kuaga kwa upana atafute kasha la CD 4 lililotoka 2020, ila ajue kwamba onyesho la kuaga la Royal Albert Hall, 26 Novemba 1968, ndilo lenye sauti dhaifu kuliko yote humo. Filamu yake nayo inachosha, kamera inaruka na kuvuta karibu bila kufuata muziki.

Sasa turudi 2005. Usiku wa tarehe 2, 3, 5 na 6 Mei walirudiana kwenye ukumbi ule ule walimoagia. Baker alikuwa na miaka 65, Bruce 61, Clapton 60. Miaka miwili kabla, Bruce alikuwa amepandikizwa ini. Clapton aliacha magitaa ya Gibson na makabati ya Marshall, akapiga gitaa la Stratocaster kupitia amplifaya ndogo za Fender. Hapo ndipo makali yalipopotea, wala si siri. Gibson zile za 1968 zilikuwa na pikapu (vinasa vya sauti ya nyuzi) za koili mbili zilizoibana Marshall mpaka sauti ikajikunja na kuvuma yenyewe. Stratocaster ina koili moja moja, sauti yake ni nyembamba na safi. Kwa hiyo usianze albamu hii na "Crossroads". Ya 2005 imepungua kasi, na bila ule moto inabaki bluzi nzuri ya kawaida.

"Spoonful" imeshuka hadi kama dakika 7 na nusu, "N.S.U." na "Sweet Wine" kama 6 kila moja. Lakini kelele zilipoondoka, nyimbo zenyewe zimeonekana. Kwa mara ya kwanza unasikia Baker anafanya nini na matoazi kwenye mistari ya kuimba, na kwamba Bruce alikuwa mwimbaji mkubwa, si mtu wa kupigia kelele mikrofoni. "Badge", iliyokuwa ya studio tu kwenye Goodbye, hapa inapigwa jukwaani. "Stormy Monday" ina solo ya Clapton ya polepole ambayo naiweka juu ya nyingi alizopiga miaka ile ya karibu. Ukiweza, chukua DVD badala ya CD, uione miguu ya Baker.

Wimbo wa kuanzia ni "We're Going Wrong". Mapigo yake ni ya tatu tatu, na Baker anatumia mikwaju yenye vichwa laini akizunguka dramu zake bila kukoma, chini kabisa mwanzoni. Bruce anaimba juu, karibu peke yake. Gitaa linaingia kidogo kidogo. Dramu zinapanda kama maji ya bamvua, huoni yanaanza wapi mpaka yamekufika magotini, kisha zinashuka tena na sauti ya Bruce inabaki juu yake.