Panya mzee si binti wa miaka 28

Sisi wa Newala tunataniwa nchi nzima kwamba tunakula panya. Kweli tunakula, tena wa shambani akibanikwa vizuri simwachii mtu. Ndiyo maana nilijicheka siku nilipojikuta nasoma habari za panya weupe wa maabara hadi usiku wa manane.

Kilichonipeleka huko ni binamu yangu. Miaka miwili haoni hedhi, matiti yanatoa maziwa na hajawahi kuzaa. Msimu mzima wa korosho, na joto lile, alijifunga kanga mbili kifuani ili doa lisionekane. Shangazi wakasema jini mahaba. Zahanati wakampima mimba mara tatu, wakamrudisha nyumbani. Mpaka alipopimwa prolaktini, homoni inayotengenezesha maziwa, huko Dar ndipo ikajulikana: uvimbe kwenye pituitari, tezi ya chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya mbaazi.

Panya wa maabara huota uvimbe wa namna hiyo bila kuchomwa kemikali yoyote. Akikaribia miaka miwili, hasa jike wa aina kama Wistar, Sprague-Dawley au Fischer 344, tezi huvimba na mara nyingi humwaga prolaktini. Watafiti wanampenda kwa sababu ugonjwa umeanza wenyewe, kama kwa mtu. Mimi nakubali nusu. Panya yule ni mzee, seli za ubongo wake zinazotoa dopamini, breki ya prolaktini, zimechoka. Halafu anakula mchana na usiku bila kipimo. Wakipunguziwa chakula, wanaoota uvimbe hupungua. Binamu yangu ana miaka 28 na mwembamba kama ufito. Kwa binadamu, uvimbe huu huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa.

Ila kuna panya mmoja ananinyamazisha. Ujerumani ulizuka ukoo wa panya wanaoota uvimbe kwenye tezi kadhaa, pituitari ikiwemo. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kuwa hitilafu iko kwenye jeni ya Cdkn1b, na jeni hiyohiyo wakaikuta na hitilafu kwa binadamu. Ugonjwa huo sasa unaitwa MEN4. Hapo panya ndiye aliyeonyesha njia, na wa namna hiyo waendelee kumfuga.

Huyu mzee mlafi asitumiwe kutueleza kwa nini wasichana wanaugua. Pesa kidogo ya kumlisha ingenunua kipimo cha prolaktini kwa kila hospitali ya wilaya huku Kusini.

Binamu anameza kabagolini, dawa ya kushusha prolaktini, mara mbili kwa wiki. Korosho za mwaka huu ameokota na kanga moja.